Goti Linapolegea Ghafla: Maelezo kwa Wenye Ugonjwa wa Kusagika kwa Viungo

Maelezo haya yameandaliwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake, hasa watu wazima wenye maumivu ya magoti ya muda mrefu, pamoja na jamaa wanaowatunza. Yanahusu jambo ambalo wagonjwa wengi hawalitaji mbele ya daktari: goti kulegea ghafla na kushindwa kuubeba mwili.

Dalili yenyewe

Mtu anashuka ngazi au anageuka jikoni, mara goti linakunjika kana kwamba limeishiwa nguvu. Pengine huanguka, mara nyingi zaidi hujishika ukutani, akajikaza na kuendelea na shughuli zake. Wengine goti halikunjiki, ila huhisi kwamba mfupa wa juu umeteleza juu ya ule wa chini, au kwamba mguu hautegemeki.

Dalili hii si sawa na maumivu, ingawa mara nyingi huandamana nayo. Utafiti uliofanyika Framingham, katika jimbo la Massachusetts, na kuchapishwa mwaka 2007, uliwahusu watu 2,351. Takriban 12 katika kila 100 walisema kwamba goti liliwalegea angalau mara moja katika miezi 3 iliyotangulia. Miongoni mwao, zaidi ya robo tatu walipatwa na hali hiyo zaidi ya mara moja, na takriban mmoja katika kila 8 alianguka. Tena, zaidi ya nusu yao picha ya eksirei haikuonyesha kusagika kwa goti. Maana yake ni kwamba picha peke yake haiwezi kumjulisha daktari habari hii. Ni lazima mgonjwa aiseme.

Kwa nini goti hulegea?

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa kwa gegedu, tabaka laini linaloiwezesha mifupa kuteleza bila kukwaruzana. Katika ugonjwa wa kusagika kwa viungo, ambao matabibu huuita osteoathritisi, gegedu hilo hupungua, mfupa hubadilika umbo na kiungo huweza kuvimba.

Hata hivyo, kinachoshikilia goti wakati wa kusimama si mifupa peke yake. Kazi kubwa hufanywa na misuli ya mbele ya paja. Goti linapouma au kujaa maji, neva huizuia misuli hiyo isikaze kwa nguvu zake zote. Mgonjwa naye, kwa kuogopa maumivu, huupumzisha mguu. Na msuli usiotumiwa hunywea. Hivyo maumivu huleta kupumzika, kupumzika huleta udhaifu, na udhaifu huliachia goti likunjike. Wakati mwingine chanzo ni kano zilizolegea au gegedu lililochanika ndani ya kiungo, na ndiyo sababu uchunguzi wa daktari unahitajika.

Madhara yake

Dhara la kwanza ni kuanguka. Kwa mtu mzima, kuanguka mara moja kunaweza kuvunja nyonga au kifundo cha mkono, na katika miji yetu barafu huongeza hatari hiyo kwa miezi mingi ya mwaka.

Dhara la pili huja kimyakimya, nalo ni hofu. Mzee huacha kwanza kupanda basi, kisha huacha kwenda sokoni, kisha msikitini au kanisani, na mwishowe hukaa ndani mchana kutwa. Jamaa husema amechoka kwa umri, kumbe anaogopa mguu wake mwenyewe. Kadiri anavyokaa ndivyo paja linavyodhoofika, na ndivyo goti linavyozidi kulegea.

Unachoweza kufanya

*Imarisha misuli ya paja.* Hii ndiyo tiba muhimu kuliko zote. Mwombe daktari akupeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akupangie mazoezi yanayokufaa. Mazoezi ya kawaida ni haya: kuketi kwenye kiti imara, ukasimama na kuketi tena polepole, na kulala chali, mguu mmoja umekunjwa, ukauinua mwingine ukiwa umenyooka. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Yakizidi na kudumu hadi kesho yake, punguza, lakini usiache kabisa.

*Punguza uzito iwapo umezidi.* Kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua.

*Tumia bakora.* Ishike kwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma, na mpini wake ufikie kifundo cha mkono unaposimama wima. Bakora si alama ya unyonge. Ndiyo inayomwezesha mtu kuendelea kutoka nyumbani. Mtaalamu anaweza pia kukushauri kuvaa kishikizi cha goti.

*Panda na ushuke ngazi kwa utaratibu.* Unapopanda, mguu wenye nguvu utangulie. Unaposhuka, mguu dhaifu utangulie. Shika kikingio daima.

*Jihadhari na barafu.* Vaa viatu vyenye soli ya kushika, au funga chini yake vifaa vyenye meno ya chuma, na uvivue kabla ya kukanyaga sakafu laini. Barafu isiwe sababu ya kuacha kutembea: katika jengo la maduka la Mall of America, Bloomington, wapo wengi wanaotembea ndani kwa ajili ya afya zao.

*Linda goti wakati wa ibada.* Kushuka chini na kuinuka ni nyakati ambazo goti hulegea kwa urahisi. Weka kiti imara pembeni ukishike unapoinuka. Kwa Waislamu, mgonjwa asiyeweza kusimama au kusujudu ana ruhusa ya kuswali akiwa ameketi. Hakuna haja ya kujiumiza kwa jambo ambalo dini imelifanyia wepesi.

*Uliza kuhusu dawa.* Jeli ya diklofenaki ya kupaka huuzwa bila cheti cha daktari. Vidonge kama ibuprofeni vinaweza kudhuru figo na tumbo na kupandisha shinikizo la damu. Mwulize daktari au mfamasia kabla ya kuvitumia mfululizo.

Namna ya kumweleza daktari

Usiishie kusema, "Goti linaniuma." Sema waziwazi: "Goti hulegea ghafla na kutaka kuniangusha." Eleza ni mara ngapi katika miezi 3 iliyopita, ulikuwa unafanya nini, kama ulianguka, na ni shughuli zipi umeziacha kwa hofu.

Ukihitaji mkalimani, mwombe unapoweka miadi. Kliniki na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupatia mkalimani bila malipo. Wajibu huo unatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Usimtumie mtoto kutafsiri. Huenda akapunguza maneno kwa kukuonea haya, nawe ukaficha mambo ili usimtie wasiwasi.

Usisubiri miadi iwapo:

- goti limevimba, ni jekundu na la moto, nawe una homa;
- goti limekwama, halikunjuki;
- umeanguka na huwezi kuukanyagia mguu;
- umegonga kichwa, hasa ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu isigande.

Katika hali ya dharura, piga simu 911.

Kwa habari za madarasa ya kuimarisha mwili na kuzuia kuanguka yaliyo karibu nawe, wazee na jamaa zao wanaweza kupiga simu ya Senior LinkAge Line, huduma ya jimbo la Minnesota isiyotozwa malipo: 1-800-333-2433. Taja kwamba unazungumza Kiswahili, nawe uombe mkalimani.