Siku ya Wazi Kituo cha Utafiti: Nenda na Maswali, Usirudi na Picha Tu

Wengi mmeniuliza kama inalipa kutumia nauli kwenda siku ya wazi kwenye vituo vya TARI, kama Uyole, Selian, Tengeru au Naliendele. Jibu langu ni nenda. Ila ngoja kwanza niwape kisa changu.

Miaka michache nyuma nilitembelea kituo kimoja cha nyanda za juu. Nikakuta mahindi yamestawi ajabu. Nikapiga picha, nikarudi, nikamshauri kijana mmoja wa kata yangu apande mbegu ile. Akapanda eka 4. Mimi sikuwa nimeuliza inakomaa kwa siku ngapi. Kwetu mvua ilikata mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Akavuna magunia 7. Hakunilaumu, lakini kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo siondoki kituoni bila majibu ya haya manne:

1. Mbegu hii inafaa mwinuko gani kutoka usawa wa bahari?
2. Inakomaa kwa siku ngapi, na kwenye joto la wapi?
3. Hapa mmeweka mbolea gani, kiasi gani, na mmemwagilia?
4. Dukani ipo?

Swali la nne wengi hulisahau. Mbegu ikitoka kwa mtafiti huzalishwa kwa hatua: mbegu za awali, kisha za msingi, ndipo zilizothibitishwa unazouziwa wewe. Hivyo unachokiona shambani leo huenda hakijafika sokoni. Ukinunua, hakikisha mfuko una lebo ya TOSCI.

Jifunze pia kulisoma shamba la majaribio. Aina moja hupandwa kwenye vipande kadhaa, sehemu tofauti, ili rutuba ya kona moja isitudanganye. Kwa hiyo usitazame kipande kizuri peke yake, zungukia vyote. Tafuta na kipande cha kulinganishia, ambacho huwa na mbegu iliyozoeleka au hakikuwekwa mbolea. Tofauti kati yake na kile kizuri ndiyo faida unayoitafuta. Piga hesabu: hiyo tofauti inarudisha gharama ya mbegu na mbolea? Na ukikuta kipande kilichodhoofu, usikipite. Uliza kwa nini. Kwenye maonesho ya Nanenane tunaoneshwa yaliyofaulu, lakini kituoni unaweza kujifunza na kwa yaliyoshindwa.

Usiende mikono mitupu. Kama kituo kina maabara ya udongo, kama Mlingano kule Tanga, uliza mapema utaratibu na gharama, kisha beba sampuli. Chimba sehemu 10 hadi 15 kwa kupita zigizagi, kina cha sentimita 20. Kwepa kichuguu, njia na palipolundikwa samadi. Changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, chukua kama nusu kilo, andika jina na eneo. Ukiona mdudu au ugonjwa usioujua, piga picha ya mmea mzima na ya jani kwa karibu, umwoneshe mtaalamu.

Yule kijana msimu uliofuata nilikwenda naye. Kabla sijafungua mdomo, alikuwa ameshamuuliza mtafiti: "Hii inakomaa siku ngapi?"

Tukutane shambani.