Masika Yakikukuta Hemani

(Muziki wa kufungua, kisha unapungua.)

Haya ni kwa ajili yenu, nyinyi mlioko kambini Mulanda hapa wilayani Tororo, na nyinyi mliopokewa na jamaa upande wa Busia. Mlipovuka mpaka Januari hii ya 2008 jua lilikuwa kali. Sasa ni Machi, na jioni mawingu yanajikusanya upande wa Mlima Elgon.

Mtasema mvua mnaijua. Kweli, lakini mliijua mkiwa chini ya mabati. Mtu wa hemani maji humjia kwa chini, usiku, watoto wamelala.

Kwa hiyo chimba mtaro kuzunguka hema, upana wa jembe na kina cha shubiri. Udongo unaoutoa uweke upande wa hema uwe tuta. Kisha tazama mteremko: mtaro wako unaishia wapi? Ukiishia mlangoni kwa jirani, umemhamishia shida tu, na ugomvi wa maji saa nane za usiku hauna mwamuzi. Mstari mzima wa mahema ukubaliane mtaro mmoja mkubwa wa kupokea maji yote, upite mbali na vyoo. Vigingi navyo vipigiliwe vikilala, vichwa vikielekea nje ya hema, la sivyo upepo utaving'oa.

Kadi ya chakula, karatasi ya usajili na kadi ya kliniki ya mtoto zifunge ndani ya mifuko miwili ya nailoni, ile ambayo huku Uganda wanaiita kavera. Ining'inize juu, mahali ambapo mkono wako utaifikia gizani.

Tuje kwenye radi, maana ukanda huu wa karibu na Ziwa Victoria una radi nyingi sana. Wapo wanaofunika vioo na kuvua nguo nyekundu. Radi haijali nguo wala kioo. Hutafuta kilicho kirefu: mti, mlingoti, au mtu aliyesimama peke yake uwanjani. Na hema halikukingi. Ukiona mmweko, anza kuhesabu. Sauti hutumia kama sekunde 3 kwenda kilomita moja, basi ngurumo ikikufikia kabla ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia. Nenda kwenye jengo la kudumu lenye kuta, au ndani ya gari la bati lililofungwa vioo. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kama jengo liko mbali, kaa mbali na miti na nguzo za hema, wala msibanane mahali pamoja.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse, msaidie. Kama hapumui, anayejua huduma ya kwanza aanze mara moja, mwingine akimbilie zahanati. Watu wamekufa kwa sababu wenzao walisimama wakitazama.

Kuna hatari nyingine isiyotoa ngurumo. Mto Malaba unatoka Mlima Elgon. Mvua ikinyesha huko juu, mto unaweza kufurika huku chini kabla hamjaona tone. Waulizeni watu wa Budalang'i, Busia ya Kenya. Mto Nzoia hujazwa na mvua za Elgon na milima ya Cherangani, na mwaka 2003, kisha 2007, maji yaliwafukuza majumbani. Mwaka huo wa 2007 Teso, kaskazini ya hapa, ilifurika hadi serikali ya Uganda ikatangaza hali ya hatari. Kwa hiyo anayefua au kuteka maji mtoni akiona maji yamegeuka matope na yanabeba matawi, apande juu, aache ndoo. Maji ya kasi yanayofika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Mwisho, watoto. Baadhi yenu mlipotezana nao Januari, na mnajua siku zile zilivyokuwa. Leo jioni chagueni mahali pamoja pa kukutania kambini, jengo ambalo hata mdogo kabisa analijua. Mtembeze mara mbili, mchana na giza likiingia, kisha mwambie yeye akuongoze.

(Muziki.)

Baada ya muziki tutasoma majina ya watu wanaotafutwa na jamaa zao. Kaeni karibu na redio.