Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Msanii Kama Anavyoonyeshwa Katika Sinema

Mzazi wa mjini akiambiwa na kijana wake kwamba anataka kuwa fundi wa magari, hufurahi. Akiambiwa anataka kuwa mwuguzi, humshukuru Mungu. Lakini kijana huyo akisema anataka kuwa mchoraji, au mtunga mashairi, au mpiga fidla, nyumba nzima huingia simanzi kana kwamba imeletewa habari ya ugonjwa. Mama huuliza, "Utakula nini, mwanangu?" Baba haulizi kitu. Yeye amekwisha kuiona picha yote kichwani mwake: chumba kisicho na kitanda, chupa tupu chini ya meza, deni dukani, na mwisho wake mauti ya mapema.

Picha hiyo baba ameitoa wapi? Pengine hajapata kukaa na mchoraji hata siku moja maishani mwake. Ndugu msomaji, jibu haliko mbali. Kwa sehemu kubwa ameitoa katika sinema.

SURA ILE ILE

Kwa miaka mingi sinema za Ulaya, Marekani na Bara Hindi zimemwonyesha msanii kwa sura moja, hata mtazamaji aliyezoea anaweza kuisimulia hadithi kabla taa hazijazimwa. Kwanza, msanii huzaliwa na kipaji, wala haonekani akijifunza. Pili, ni maskini, na watu hawamwelewi. Tatu, ana wazimu, au ulevi, au mapenzi yaliyovunjika, na mateso hayo ndiyo yanayodhaniwa kuwa chemchemi ya kazi yake. Nne, hufa, na akiisha kufa, dunia iliyomfukuza mlangoni humlilia kaburini.

Mfano mkubwa wa sura hiyo ni filamu ya Kimarekani iitwayo *Lust for Life*, iliyotolewa mwaka 1956. Humo Kirk Douglas, chini ya mwongozaji Vincente Minnelli, aliigiza maisha ya Vincent van Gogh, mchoraji wa Kiholanzi aliyefariki nchini Ufaransa tarehe 29 Julai, 1890, akiwa na umri wa miaka 37. Naye Anthony Quinn, aliyemwigiza mchoraji Paul Gauguin, alipata tuzo ya Oscar. Ni filamu nzuri, na rangi zake zinavutia mpaka leo. Walakini, mtu akitoka kuitazama hubaki na mambo mawili: sikio lililokatwa, na mtu anayechora kunguru juu ya shamba la ngano huku akielekea kujiua. Wataalamu wengi wa leo wanaamini kwamba picha ya kunguru haikuwa ya mwisho. Ya mwisho ilikuwa ya mizizi ya miti. Lakini mizizi haina kilio, na kunguru weusi wanafaa zaidi kufunga hadithi.

Sasa tazama yale yaliyopungua. Van Gogh alikata shauri la kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27. Alianza kama aanzavyo mwanafunzi yeyote, kwa kunakili karatasi za mafunzo ya kuchora, moja baada ya nyingine. Katika miaka kumi tu alifanya picha za rangi zaidi ya 800. Barua zake zilizosalia, ambazo nazo ni zaidi ya 800, zimejaa habari za kazi: bei ya rangi, aina ya brashi, jinsi rangi ya manjano inavyokaa karibu na buluu. Alipokuwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kule Saint-Rémy, alichora katika siku ambazo maradhi yalimpa nafuu. Yalipomzidi, brashi ililala. Kwa hiyo kusema kwamba wazimu ndio uliochora ni kumsifu mwizi kwa mali aliyoshindwa kuiba.

KWA NINI MACHOZI?

Mtu atauliza: je, watengenezaji wa sinema ni waongo? La, si lazima. Tatizo limo katika chombo chenyewe. Kamera ina macho, lakini haina subira. Kazi ya msanii, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kukaa. Mtu huketi mezani saa sita, akaandika mistari minane, akafuta saba. Nani atatoa nauli na kiingilio kwenda kutazama mtu anafuta? Lakini ugomvi, chupa iliyovunjika, mvua inayomnyeshea mtu aliyefukuzwa nyumba, hayo yote huonekana kwa dakika moja na kumtoa mtazamaji machozi. Ndiyo sababu maumivu hukuzwa, na kazi hukatwa ikatupwa.

Hata pale msanii anapoonyeshwa akiwa na kipaji cha furaha, bado kazi hufichwa. Katika *Amadeus*, filamu ya mwaka 1984 ya mwongozaji Milos Forman iliyotwaa tuzo nane za Oscar, mtunzi wa muziki Mozart ni kijana mwenye kicheko cha kitoto ambaye nyimbo humshukia zikiwa zimekamilika. Mpinzani wake, Salieri, anazishika karatasi zake na kuona hakuna hata noti moja iliyofutwa, naye anaingiwa na wivu wa kumwangamiza. Ni mchezo mtamu, lakini ni mchezo. Mozart wa kweli alikuwa mwana wa mwalimu wa fidla, Leopold, ambaye mwaka ule ule wa 1756 alipozaliwa mtoto huyo alichapisha kitabu cha kufundishia chombo hicho. Mtoto alifundishwa nyumbani tangu utotoni. Karatasi zake za majaribio zipo hadi leo, na alipomtunukia mtunzi mwenzake Haydn nyimbo sita mwaka 1785, alikiri mwenyewe kwamba zilikuwa zao la kazi ndefu na ya taabu. Naye Salieri hakumwua mtu. Baada ya Mozart kufariki mwaka 1791, alikuja kumfundisha muziki mwanawe.

MSHAIRI MWENYE KIU

Wale waliokua wakati picha za Kihindi zilipokuwa zikijaza majumba ya sinema ya pwani yetu siku za Jumapili, katika Empire na Avalon jijini Dar es Salaam au Majestic kule Unguja, hawahitaji kuelezwa jinsi filamu za Bombay zilivyojua kuliza watu. Miongoni mwa filamu za zama hizo, ya mwaka 1957 iitwayo *Pyaasa*, yaani mwenye kiu, ndiyo iliyomchora msanii kwa uchungu kuliko zote.

Guru Dutt, aliyekuwa mwongozaji na mwigizaji wake mkuu, ni Vijay, mshairi asiye na kazi. Kaka zake wanayauza mashairi yake kama karatasi za takataka. Anayeyanunua na kuyathamini ni Gulabo, mwanamke wa barabarani, aliyeigizwa na Waheeda Rehman. Siku moja Vijay anampa ombaomba koti lake. Ombaomba huyo anauawa na gari-moshi, na watu wanadhani aliyekufa ni mshairi. Mara kitabu chake kinachapishwa, kinanunuliwa kama maandazi ya asubuhi, na kaka wale wale wanadai haki yao ya fedha. Vijay akirudi akiwa hai, wanamkana, kwa kuwa maiti ana faida kuliko ndugu. Mwishoni anaikataa sifa hiyo na kwenda zake pamoja na Gulabo.

Hapa lazima tuwe waadilifu. *Pyaasa* haisemi kwamba umaskini ni mzuri kwa mshairi. Inaishitaki jamii inayomthamini msanii pale tu anapoacha kula. Shitaka hilo ni la haki, na kila nchi inapaswa kulisikiliza. Lakini miaka miwili baadaye Guru Dutt alitengeneza *Kaagaz Ke Phool*, hadithi ya mwongozaji wa sinema anayeanguka na kufa peke yake kitini mwake ndani ya studio. Filamu hiyo ilikataliwa na watazamaji, na jina la Guru Dutt halikuandikwa tena kama mwongozaji wa filamu yoyote. Mnamo Oktoba 1964 alikutwa amefariki, akiwa na umri wa miaka 39, kwa pombe na vidonge vya usingizi. Hatuwezi kusema kwamba hadithi ndiyo iliyomwua. Maradhi ya moyo wa mtu hayapimwi kwa mbali. Tunaloweza kusema ni kwamba mateso yale hayakumpa kazi moja zaidi. Yalitunyang'anya zote ambazo angezifanya.

Na lipo jambo la ajabu zaidi. *Pyaasa*, hadithi ya mtu aliye peke yake duniani, ilitengenezwa na umati. Mashairi yake yalitungwa na Sahir Ludhianvi, muziki ukatungwa na S. D. Burman, mazungumzo yakaandikwa na Abrar Alvi, na ule mwanga na kivuli unaoshika roho ulikuwa kazi ya mpiga picha V. K. Murthy. Ongeza mafundi seremala, washoni, wapiga vyombo na wapika chai. Hakuna sanaa inayohitaji mikono mingi kama sinema. Na hiyo hiyo ndiyo inayotuambia kwamba msanii hana mtu.

WALIOBAKI NJE YA PICHA

Mikono hiyo iliyofichwa, aghalabu, ni ya watu wa nyumbani, hasa wanawake. *Lust for Life* haikumsahau Theo, mdogo wake Vincent, aliyemtumia fedha za rangi na chakula mwaka hata mwaka. Lakini Theo naye alifariki Januari 1891, miezi sita tu baada ya kaka yake. Aliyebaki ni mjane wake, Jo, mwenye mtoto mchanga na nyumba iliyojaa picha ambazo karibu hakuna aliyezitaka. Jo alifungua nyumba ya kupangisha wageni ili apate kula, akazitunza picha, akazipeleka katika maonyesho, na mwaka 1914 akachapisha barua za ndugu wale wawili. Mtoto yule alipokuwa mzee alishiriki kuanzisha jumba la makumbusho la Van Gogh lililofunguliwa Amsterdam mwaka 1973. Wale wasemao kwamba "dunia ilimtambua baada ya kufa" wanasahau kwamba dunia haikutambua kitu. Ilitambulishwa, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Mozart naye alikuwa na dada, Maria Anna, aliyepiga kinanda mbele ya wafalme pamoja naye walipokuwa watoto. Alipokua, safari zilikuwa za ndugu yake, na yeye aliachwa nyumbani. Katika *Amadeus* hana nafasi. Na sinema inapomkubali mwanamke kuwa msanii, mara nyingi humpa mapenzi kuwa hadithi yake. Mchongaji Camille Claudel, ambaye filamu yenye jina lake ilitoka Ufaransa mwaka 1988, anakumbukwa zaidi kwa penzi lake na Rodin kuliko kwa mawe aliyoyatia uhai. Jamaa zake walimtia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1913, akakaa huko miaka 30 hadi kufa kwake, na hakurudia kuchonga. Anayetafuta ushahidi kwamba wazimu huzaa sanaa na aitazame miaka hiyo 30.

KENGELE NA UDONGO

Hata hivyo, zipo sinema zilizopata subira. Katika *Andrei Rublev*, filamu ya Kirusi ya mwongozaji Andrei Tarkovsky iliyokamilika mwaka 1966, yumo kijana aitwaye Boriska, mwana wa msubu kengele aliyekufa kwa tauni. Kijana anawaambia watu wa mtawala kwamba baba yake alimwachia siri ya kusubu kengele, nao wanamkabidhi kazi. Ikishindikana, roho yake itatoka. Kwa muda mrefu tunatazama kazi tupu: kutafuta udongo unaofaa, kuchimba shimo, kujenga kalibu, kuwasha tanuri, kumimina shaba iliyoyeyuka, kuvuta kamba. Mamia ya watu wanafanya kazi. Kengele inapolia, kijana anaanguka matopeni akilia, na kumwungamia mchoraji Rublev kwamba baba yake hakumwachia siri yoyote. Rublev, aliyenyamaza na kuacha kuchora kwa miaka mingi, anafumbua kinywa na kumwambia waende pamoja, mmoja asubu kengele na mwingine achore. Machozi yapo katika filamu hiyo pia, lakini yamekuja baada ya kazi.

Wahenga wetu walikwisha kulisema neno hili walipokuwa wakitazama majahazi: ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyekaa ufukweni huliona tanga likijaa upepo. Haoni misumari, wala ncha ya tezo, wala vidole vya fundi vilivyopasuka. Sinema nyingi zimetuweka ufukweni.

Hasara yake huingia nyumbani kwa milango miwili. Mzazi, kwa kuiogopa picha ile, humnyang'anya mtoto penseli. Na kijana, kwa kuipenda, huanza ufundi kwa kuanzia mwisho: hunywa kama msanii, hukopa kama msanii, hulala mchana kama msanii, na daftari lake ni jeupe. Wote wawili wameamini uongo mmoja.

Basi jioni utakapoketi na watoto mbele ya televisheni, au watakapokuwa wameinamia simu wakitazama hadithi ya msanii mwingine anayelia mvuani, waulize maswali machache: Nani alimfundisha? Nani alinunua rangi? Nani alipika? Ikiwa filamu haina jibu, jibu litafutweni pamoja.

Na kama ni filamu ya *Mr. Turner*, iliyotengenezwa na Mwingereza Mike Leigh mwaka 2014, jibu mtaliona wenyewe. Yumo mzee mmoja anayenunua rangi, anayezichanganya, anayetayarisha turubai za mwanawe, mchoraji mashuhuri wa mandhari. Mzee huyo aliishi kweli, na alikuwa kinyozi jijini London. Inasimuliwa kwamba mwanawe alipokuwa bado mtoto, yeye alizitundika picha zake katika duka lake la kunyolea, akawauzia wateja kwa shilingi chache, huku akiwaambia kila mmoja kwamba kijana wake atakuwa mchoraji.