Bamba Lisikucheleweshe Kumwaga Oili

Pikapu nyingi zinazopiga kazi kwenye barabara za vumbi zina bamba la chuma chini ya injini. Jiwe likiruka au gari likigonga kisiki, bamba ndilo liumie, siyo sampo, lile bakuli linalobeba oili. Sampo ikipasuka oili yote inamwagika, na injini ikiendelea kuzunguka bila oili inakufa.

Shida inakuja siku ya kumwaga oili. Bamba limefunika nati ya sampo, na bolti zake zimeshikwa na kutu na matope. Fundi anahangaika weee, mwisho bamba linaachwa pembeni: "Tutalifunga kesho." Kesho yenyewe haiji, na gari linarudi porini tumbo wazi.

Dawa ipo. Kwanza, bolti zisuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa grisi kidogo kabla ya kufungwa. Safari ijayo hazitagoma.

Pili, kama bamba halina tundu, lifunguliwe, litobolewe usawa wa nati. Tundu lipitishe spana na oili, lakini lisiwe kubwa kiasi cha kuruhusu mawe. Kingo zipigwe tupa.

Tatu, oili inapotoka, kinga kwa kipande cha plastiki kilichokunjwa kama mfereji. Iliyodondokea juu ya bamba ifutwe yote, la sivyo kila tone litakutisha kwamba injini inavuja. Na siku ikivuja kweli, hutajua.

Kubadilisha filta huenda bado kukahitaji bamba lishuke. Likishuka, lirudishwe siku hiyohiyo.