Akili Mnemba na Mtu Ajifunzaye Kiswahili Peke Yake

Mtu aliyetaka kujifunza Kiswahili pasipo mwalimu alitegemea zamani kitabu cha sarufi na kamusi. Kitabu cha D. V. Perrott cha mwaka 1951 kilitungwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilikuwa mezani pake. Walakini kamusi ile haikumpa kitu bure. Aliyekutana na neno “alimpikia” hakuweza kulitafuta chini ya herufi A. Ilimpasa kwanza aondoe a- ya nafsi, -li- ya wakati na -m- ya mtendewa, kisha atambue -i- ya kutendea, ndipo afike kwenye “pika”. Kila alipotafuta maana alikuwa amekwisha kufanya zoezi la sarufi, apende asipende.

Akili mnemba, iliyoenea mikononi mwa watu tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, humpa maana ya sentensi nzima kabla hajaivunja. Faida yake si ndogo: akaaye mbali na wasemaji wa lugha huweza kuuliza jambo lilelile mara kumi, wala hakaripiwi. Lakini katika jaribio lililofanywa Uturuki mwaka 2023, kwa wanafunzi wa sekondari wapatao 1,000, waliopewa mashine ijibuyo kila swali walizidi wenzao kwa asilimia 48 katika mazoezi. Iliponyang’anywa, walipata katika mtihani asilimia 17 pungufu kuliko wasioiona kabisa. Waliopewa mashine itoayo vidokezo tu waliepukana na sehemu kubwa ya hasara hiyo. Somo lilikuwa hisabati, wala si lugha. Hata hivyo aliyepata kuvunja maneno ya Kiswahili kwa jasho lake hatashangaa.

Tena liko jambo la makosa. Kosa la kitabu hukaa mahali pamoja, likasahihishwa kwa kalamu. La mashine hutamkwa kwa ufasaha uleule wa jibu sahihi. Ikikubali “kiboko kimelala mtoni”, ajifunzaye peke yake atajuaje kwamba ametaja fimbo, naye alikusudia mnyama?

Huenda yafaa mwanafunzi aandike kwanza mgawanyo wake wa “alimpikia”, ndipo aiombe mashine imwonyeshe mahali alipokosea pasipo kumtajia jibu, kisha alipime neno lake katika kamusi.