Fahamu: 1922, mwaka wa Thuku na Nyanjiru

Machi 16, 1922, umati ulikusanyika kituo cha polisi Nairobi kudai Harry Thuku, kiongozi wa kupinga ukoloni, aachiwe. Alikuwa amekamatwa siku mbili kabla, kwa kupinga kipande (kitambulisho cha lazima), kodi na wanawake kulazimishwa kufanya kazi mashambani kwa walowezi. Viongozi wa umati walipowataka watu watawanyike, mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume, umati ukasonga mbele. Risasi zikafyatuliwa, naye akauawa. Serikali ilikiri vifo 21, ingawa wengine walitaja vingi zaidi. Thuku alihamishiwa Kismayu bila kufunguliwa kesi, dhuluma iliyo wazi.

Kwingineko, mwaka huohuo Uingereza ilithibitishiwa mamlaka ya kuisimamia Tanganyika, na utumwa ukapigwa marufuku huko. Oktoba, Mussolini alishika madaraka Italia. Desemba ukaundwa Muungano wa Kisovieti.