Almasi ni kihami cha nini hasa?

Katika istilahi zetu za sayansi, neno ‘kihami’ hutumika kwa kitu kisichopitisha umeme, na neno lilo hilo hutumika kwa kitu kisichopitisha joto. Mbao, mpira na plastiki huzuia yote mawili, basi mwanafunzi hujifungia shauri: kisicho metali hakipitishi joto. Hapo ndipo lugha inapompotosha.

Hebu tuitazame almasi. Almasi safi haipitishi umeme, lakini katika joto la kawaida la chumbani hupitisha joto takriban mara 5 zaidi ya shaba, ile ile tunayoisifia kwenye nyaya. Ukiipulizia pumzi, ukungu hutoweka upesi kuliko kwenye kioo. Sonara naye ana kifaa kidogo chenye ncha ya moto kinachopima jinsi jiwe linavyoinyang’anya ncha hiyo joto lake.

Sasa, joto hilo hubebwa na nani? Ndani ya metali hubebwa hasa na elektroni zinazozurura. Ndani ya almasi elektroni zimefungwa, hazina pa kwenda. Kinachosafiri ni mtetemo. Atomu moja ikitikisika humsukuma jirani, naye jirani amsukume wa pili, hadi upande wa pili wa jiwe. Atomu zenyewe hazihami (kwa kuhama, si kuhami!). Atomu za kaboni ni nyepesi na zimeshikana kwa nguvu mno, ndiyo maana mawimbi hayo hupita mbio.

Mpangilio nao una kauli. Fuwele ni atomu zilizopangika safu kwa safu, na wimbi hupenya safu hizo bila kutawanyika sana. Kwatsi na kioo cha silika vimeundwa kwa silikoni na oksijeni zile zile, ila kwatsi, iliyo fuwele, hupitisha joto mara kadhaa kuliko kioo, ambacho atomu zake zimekaa shaghalabaghala.

Mbona basi joto lisipite bila kikwazo chochote? Mwaka 1929 Rudolf Peierls alionyesha kwamba mawimbi haya hugongana, na baadhi ya migongano huyarudisha yalikotoka. Fuwele ikipoa, migongano hupungua na joto hupita vyema zaidi, ingawa kwenye baridi kali mno mawimbi yenyewe huwa haba na upitishaji hushuka tena. Uchafu pia huyatawanya, hata atomu ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko wenzake.

Wanafizikia huyahesabu mawimbi haya kwa vipande viitwavyo fononi, jina lenye asili ya neno la Kigiriki la sauti. Hilo sina ugomvi nalo, tulitohoe tu. Ugomvi wangu ni na ‘kihami’. Napendekeza tuseme ‘kihamiumeme’ na ‘kihamijoto’, kila kimoja kivyake. Almasi iwe kihamiumeme, sufi iwe kihamijoto, na plastiki, ati, ibebe majina yote mawili.